Mawe yaliyovunjwa na baba, mikono ya watoto



Kila mwaka, shule zinapofungwa kwa likizo kubwa ya mwezi wa Julai na Agosti, maelfu ya wanafunzi wa Ulaya na wa mabara mengine huacha kwao na kwenda katika nchi ya kigeni kufanya kazi ya mikono. Hulala katika hema au katika vyumba vya shule. Asubuhi hushika sururu, mwiko na ndoo. Hawalipwi mshahara, mara nyingi wao wenyewe hutoa mchango mdogo kwa ajili ya chakula na malazi. Kazi yao ni kutengeneza majengo ya kale yasiyo yao: ukuta wa ngome, kanisa lililobomoka paa, kisima cha kijiji, njia ya mawe. Baada ya majuma mawili au matatu hurudi nyumbani. Jengo hubaki kwa wenyewe.

Mwenye akili atauliza: kwa nini kijana atoe jasho lake juu ya ukuta wa watu wengine, wakati kwao pia kuna kuta zinazoanguka? Swali hilo ni la haki, na jibu lake halipatikani katika matangazo ya kambi hizo. Linapatikana katika historia yao. Tukiifuata historia hiyo tangu mwanzo tutaona kwamba kambi za kazi hazikuzaliwa na mapenzi ya majengo. Zilizaliwa na vita. Watu walioanza walitaka kujua kama mtoto wa mtu aliyebomoa anaweza kukubaliwa kuja kujenga. Nasi tunaoishi katika nchi ambamo vita vimepita katika vijiji vingi, swali hilo latuhusu.

Esnes, 1920: mlango uliofungwa

Mwaka 1916 majeshi ya Ufaransa na ya Ujerumani yalipigana karibu na mji wa Verdun, mashariki mwa Ufaransa, kwa muda wa miezi kumi. Watu wapata laki tatu walikufa huko. Vijiji tisa vya eneo hilo vilifutika kabisa, na vingi kati yake havikujengwa tena hata leo. Mashamba yalijaa mashimo ya mizinga, vyuma, na mifupa.

Katika wakati huo aliishi mhandisi mmoja wa Uswisi aitwaye Pierre Cérésole, aliyezaliwa mwaka 1879. Baba yake aliwahi kuwa rais wa shirikisho la nchi hiyo. Mwana huyo wa nyumba kubwa alikataa kulipa kodi ya jeshi, akafungwa kwa sababu hiyo. Vita vilipokwisha, mwaka 1919, alikutana huko Bilthoven, nchini Uholanzi, na Wakristu kutoka nchi zilizokuwa zimepigana. Walizungumza juu ya amani siku nyingi. Ndipo wakaona kwamba maneno hayatoshi, na kwamba inafaa kwenda mahali palipobomolewa na kushika koleo.

Mwezi wa Novemba 1920 kundi dogo la watu wa mataifa mbalimbali, wakiwemo Wajerumani, lilifika katika kijiji cha Esnes, karibu na Verdun. Walisimamisha vibanda vya mbao kwa ajili ya watu waliokosa nyumba. Walizoa kifusi, wakafukia mashimo, wakatengeneza barabara. Walifanya kazi hiyo wakati wa baridi kali, wakilala mahali pabaya kama wenyeji wenyewe.

Baada ya miezi kama mitano kazi ilisimama. Kuwapo kwa Wajerumani hakukukubalika mahali pale, na kundi likaondoka.

Tusiharakishe kuwahukumu watu wa Esnes. Kazi iliyofanyika ilikuwa njema, na waliokuja walikuwa wema. Lakini mjane aliyempoteza mume wake miaka minne tu kabla ya siku hiyo alisikia lugha ya Kijerumani ikizungumzwa karibu na mlango wake. Moyo wake ulikuwa bado jeraha bichi. Hakuna sheria ya Mungu wala ya wanadamu inayomlazimisha mtu aliyeumizwa kupokea msaada kwa saa anayoichagua mwenye kusaidia.

Cérésole hakukata tamaa. Mwaka 1924 alikusanya watu wa kujitolea katika milima ya Uswisi, mahali palipofunikwa na maporomoko ya theluji. Mwaka 1928, baada ya mto Rhine kufurika katika nchi ndogo ya Liechtenstein, mamia ya watu kutoka nchi nyingi walikwenda kusafisha mashamba yaliyojaa mchanga na mawe. Hivyo likakua shirika liitwalo Service Civil International, ambalo lingali hai, na ambalo wito wake ni matendo, si maneno. Baada ya tetemeko la nchi la mwaka 1934 katika jimbo la Bihar, Cérésole alivuka bahari kwenda India kujenga pamoja na wenyeji. Alifariki mwaka 1945, vita vya pili vikiwa vimekwisha, huku Ulaya ikiwa imebomolewa kuliko mara ya kwanza.

Coventry, 1961: mlango uliofunguliwa

Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mabomu mji wa Coventry, katikati ya Uingereza. Watu zaidi ya 500 waliuawa. Kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli, lililojengwa tangu Enzi za Kati, liliungua usiku huohuo. Asubuhi zilibaki kuta za nje na mnara.

Mkuu wa kanisa hilo la Kianglikana aliitwa Richard Howard. Siku ya Noeli ya mwaka ule, akizungumza katika redio kutoka ndani ya magofu, aliwaomba Waingereza waondoe mioyoni mwao fikira za kisasi. Fikirini uzito wa maneno hayo: makaburi yalikuwa bado mapya, na mabomu yalikuwa yanaendelea kuanguka. Baadaye, nyuma ya altare iliyojengwa kwa mawe yaliyoanguka, ukutani, yaliandikwa maneno mawili tu: Baba, samehe. Hayakusema nani asamehewe. Anayesoma hujiona yumo. Misumari ya kale iliyokusanywa kutoka katika paa lililoungua iliunganishwa, ikawa msalaba.

Tuvuke sasa kwenda upande wa pili. Nchini Ujerumani alikuwako hakimu Mprotestanti aitwaye Lothar Kreyssig. Wakati wa utawala wa Hitler, serikali ilipoanza kuwaua kwa siri wagonjwa wa akili na walemavu, yeye alipinga waziwazi kwa njia ya sheria. Kwa sababu hiyo aliondolewa kazini. Mwaka 1958, katika sinodi ya kanisa lake mjini Berlin, alitoa mwito ulioanzisha chama kiitwacho Aktion Sühnezeichen, maana yake tendo lenye kuwa ishara ya malipizi. Mwito wake haukusema kwamba Wajerumani watakwenda kusaidia. Ulikuwa ombi. Uliyaomba mataifa yaliyoumizwa yawaruhusu Wajerumani kutenda jambo jema katika nchi zao, kwa mikono yao na kwa mali yao.

Vijana wapenzi, pimeni tofauti iliyopo kati ya namna hizo mbili za kusema. Anayesema nakuja kukusaidia amesimama juu. Anayesema naomba uniruhusu nikufanyie kazi amesimama mlangoni, na ufunguo uko mkononi mwa mwenye nyumba.

Makundi ya kwanza yalikwenda Uholanzi na Norwei mwaka 1959, nchi mbili zilizokuwa zimetekwa na jeshi la Ujerumani. Mwaka 1961 vijana Wajerumani 16 walifika Coventry. Walikuwa watoto wadogo wakati mabomu yalipoanguka. Hapana hata mmoja wao aliyeweza kushtakiwa kwa usiku ule. Hata hivyo walikuja. Walisafisha na kuzijenga upya sakristia zilizokuwa magofu, zikawa nyumba ya watu wa mataifa kukutana kwa ajili ya upatanisho. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Mei 1962, kanisa kuu jipya liliwekwa wakfu. Magofu ya lile la zamani hayakuondolewa. Hadi leo mtu hupita katika magofu ili aingie katika kanisa jipya. Katika mwaka huohuo wa 1962, vijana wa chama hichohicho walimaliza kujenga Kanisa la Upatanisho huko Taizé, nchini Ufaransa, mahali ambapo vijana Wakatoliki, Waprotestanti na Waortodoksi husali pamoja.

Kwa nini Coventry ilifungua mlango ambao Esnes iliufunga? Tunaona sababu tatu. Kwanza, muda: miaka ishirini na mmoja ilikuwa imepita, wala si minne. Pili, aliyeumizwa alikuwa ametangulia kunena neno la msamaha kabla mtu yeyote hajaliomba. Tatu, aliyekuja hakuja kama mfadhili. Kama mojawapo ya hizo tatu ingekosekana, pengine vijana wale nao wangerudishwa.

Dresden: kazi inayorudishwa

Habari haikuishia hapo. Mwezi wa Februari 1945 ndege za Waingereza na za Wamarekani ziliuteketeza mji wa Dresden, mashariki mwa Ujerumani. Watu wapata 25,000 waliuawa. Kanisa la Frauenkirche, yaani Kanisa la Bibi Yetu, lenye kuba kubwa la mawe, lilistahimili moto kwa siku mbili, kisha likaanguka.

Kumbe Waingereza nao walikuwa na deni lao. Mwaka 1965 vijana kutoka Uingereza, waliotumwa na kanisa kuu la Coventry, walikwenda Dresden kusaidia kujenga upya hospitali ya mashemasi wa kike iliyobomolewa na mabomu. Dresden ilikuwa chini ya serikali ya Kikomunisti ya Ujerumani ya Mashariki, na kuingia huko hakukuwa jambo jepesi. Walioshinda vita walikwenda kuzoa kifusi cha walioshindwa. Tendo hili ni gumu kuliko lile la kwanza, kwa sababu mshindi haulizwi na mtu. Lazima ajiulize mwenyewe.

Frauenkirche lilibaki rundo la mawe kwa karibu miaka hamsini. Lilipojengwa tena, na kuwekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005, maelfu ya mawe ya zamani yaliyookotwa katika kifusi yalirudishwa ukutani kati ya mawe mapya. Ya zamani ni meusi, mapya ni meupe, na kila mtu anaona. Msalaba wa dhahabu ulio juu ya kuba ulitolewa na Waingereza. Alan Smith, mmoja wa mafundi walioutengeneza huko London, alikuwa mwana wa rubani aliyerusha ndege katika mashambulizi ya Dresden.

Firenze, 1966: mnyororo wa mikono

Si kila kambi ilizaliwa na hatia ya wazazi. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika na kuingia katika mji wa Firenze, nchini Italia. Maji yaliyochanganyika na matope na mafuta ya kupashia nyumba joto yaliingia katika makanisa, majumba ya sanaa na Maktaba ya Taifa, ambako vitabu na magazeti zaidi ya milioni moja yaliharibika. Msalaba mkubwa uliochorwa na Cimabue katika karne ya 13, uliokuwa katika basilika ya Msalaba Mtakatifu, ulipoteza sehemu kubwa ya rangi zake.

Hakuna aliyewaita wanafunzi. Walikuja wenyewe, kutoka Italia yote, kisha kutoka Ufaransa, Ujerumani, Uingereza, Marekani na kwingineko. Wengine walilala katika mabehewa ya garimoshi kwenye kituo. Katika vyumba vya chini vya maktaba walijipanga mstari mrefu juu ya ngazi, wakawa wanapokezana vitabu vilivyoloa matope, kutoka mkono hadi mkono, mpaka juu penye hewa. Waitalia wakawapa jina la malaika wa matope.

Hapa ipo habari isiyosimuliwa mara nyingi. Kutoa kitabu majini ni mwanzo tu wa kazi. Kikikauka vibaya, kurasa hushikamana zikawa kama ubao. Kikikawia kukauka, huliwa na ukungu. Mafundi wa vitabu kutoka Uingereza na nchi nyingine walikuja kufundisha kuosha, kutenganisha na kukausha. Kazi hiyo iliendelea miaka mingi baada ya wanafunzi kurudi shuleni, na kutokana nayo elimu ya kuhifadhi vitabu ilikua sana duniani. Bidii ya wanafunzi iliokoa. Ujuzi wa mafundi ulihifadhi. Hakuna mmoja kati ya hivyo viwili aliyeweza kujivuna mbele ya mwenzake.

Namna kambi inavyofanya kazi

Nchini Ufaransa vyama vya vijana wanaotengeneza majengo ya kale vilianza kukua baada ya vita vya pili. Mwaka 1952, kwa mfano, vijana walianza kufukua na kutengeneza ngome ya Guise, kaskazini mwa nchi, iliyokuwa imeharibiwa sana na mizinga ya vita vya 1914 hadi 1918. Mwaka 1966 vyama vya namna hiyo viliungana katika muungano uitwao Rempart, maana yake boma. Upande wa dunia nzima, shirika la Unesco liliwezesha tangu mwaka 1948 kuwepo kwa kamati ya kuratibu vyama vya kujitolea. Na tangu mwaka 2008 vijana huandaliwa kambi katika sehemu zilizo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia.

Kambi ya kawaida ina vijana kumi hadi ishirini hivi. Kuna viongozi wa namna mbili: mmoja anaangalia maisha ya pamoja, mwingine ni fundi anayefundisha kazi. Vijana hupika kwa zamu, na kila mmoja hula chakula cha wenzake, kizuri au kibaya. Mchana, baada ya kazi, hutembelea nchi na kuzungumza na wenyeji.

Kabla ya kugusa jiwe, ukuta hupigwa picha na kuchorwa, ili ijulikane ulikuwaje. Kisha huondolewa majani na mizizi. Mara nyingi huondolewa pia saruji iliyotiwa na watu wa zamani waliodhani wanasaidia. Ukuta wa kale umejengwa kwa chokaa, na chokaa huruhusu unyevu kutoka. Saruji ni ngumu na huziba. Maji yaliyomo ndani hukosa njia, yakalitafuna jiwe, na jiwe hupasuka huku saruji ikibaki imesimama. Kwa hiyo vijana hufundishwa kuchanganya mchanga na chokaa, kuipaka kwa subira, na kuilinda na jua kali kwa kitambaa kibichi ili isikauke haraka. Chokaa mbichi huharibiwa na baridi ya barafu. Ndiyo sababu mojawapo kambi hizo hufanyika wakati wa joto, pamoja na sababu ya likizo za shule.

Iko pia kanuni ambayo mafundi wa nchi nyingi walikubaliana mjini Venezia mwaka 1964: sehemu mpya inayowekwa mahali pa ile iliyopotea ipatane na jengo zima, lakini itambulikane kuwa ni mpya. Mtengenezaji haruhusiwi kudanganya. Ndiyo sababu ya mawe meusi na meupe ya Dresden. Ukuta uliotengenezwa vema hauonyeshi kwamba haukuvunjika kamwe. Unaonyesha palipovunjika, na ya kuwa sasa pamesimama.

Hatari tatu

Tusiwasifu vijana wa kambi kupita kiasi. Kazi hii ina hatari zake.

Ya kwanza ni kujitafuta. Kuna anayekwenda ili apigwe picha akiwa na koleo, arudi na hadithi yake. Kijana wa namna hiyo hujifunza majina ya mawe asijifunze jina la mzee anayeishi jirani.

Ya pili ni haraka. Nia njema bila ujuzi hubomoa. Saruji mbaya katika kuta za kale ilitiwa na watu wenye nia njema.

Ya tatu ni kutokuwapo kwa usawa. Kijana wa Ulaya anaweza kuvuka mipaka mitano kwa siku moja akiwa na kitambulisho chake tu. Kijana wa Kongo anayetaka kwenda kwenye kambi hiyohiyo huombwa viza, vyeti, fedha za benki na nauli ya ndege, na mara nyingi hupewa jibu la hapana. Kazi inayoitwa ya kimataifa haijakamilika jina lake mpaka njia iwe ya kwenda na kurudi kwa wote. Coventry na Dresden zilitufundisha jambo hilo: upande mmoja ukienda tu, na mwingine ukipokea tu, urafiki huwa nusu.

Na sisi?

Nchi yetu ina sehemu tano kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia, nazo zote ni za maumbile: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya Okapi. Hakuna jengo hata moja. Lakini mtu asidhani kwamba kisichoandikwa huko hakina thamani. Nehemia aliposikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka, hakungoja orodha. Alilia, akasali, akaomba ruhusa kwa mfalme. Alipofika, alizunguka kuta usiku kimya kimya ili aone uharibifu kwa macho yake kabla hajasema neno. Kisha watu wengi wakajenga kila mmoja sehemu iliyoelekea nyumba yake. Mtakatifu Fransisko wa Asizi naye alianza wongofu wake kwa kutengeneza kwa mikono kikanisa cha Mtakatifu Damiano, akiomba mawe njiani kama maskini.

Katika parokia nyingi kuna kanisa la kwanza la misioni, la matofali ya kuchoma, ambalo sasa ni ghala au limeachwa kwa mvua. Kuna makaburi ya wakatekista wa kwanza ambayo majani yameyafunika, na wajukuu wao hawajui yalipo. Kuna vitabu vya ubatizo na vya ndoa, vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino, ambavyo mchwa na unyevu vinavimaliza polepole kabatini. Mahali pengine vitabu hivyo ndivyo maandishi pekee yanayotaja jina la bibi au babu aliyezaliwa kabla ya uhuru. Vijana wa Firenze walipanga mstari ngazini kwa ajili ya vitabu visivyo vyao. Vyetu vinahitaji kabati kavu, kitambaa cha kupangusa vumbi, na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri wa kunakili.

Lakini kuna jambo zito zaidi, nasi hatupendi kulipita. Mahali pengi katika nchi yetu palichomwa na watu wanaojulikana, na watoto wa waliochoma na wa waliochomewa huketi leo katika darasa moja, wengine katika kwaya moja. Vijana hao hawakuwasha moto. Hata vijana 16 wa Coventry hawakuwasha. Je, kundi la vijana wa parokia moja laweza kwenda kwa parokia nyingine na kusema: tunaomba mturuhusu tuwatengenezee ukuta huu? Huenda watakataliwa, kama walivyokataliwa watu wa Esnes. Wakikataliwa, warudi kwa heshima, bila kununa, wala wasiseme kwamba wale wengine wana roho mbaya. Ombi lililotolewa kwa adabu haliozi. Kati ya Esnes na Coventry ilipita miaka arobaini na mmoja, na vita vingine katikati.

Wazee waongoze, mapadre wajulishwe, na fundi mwashi awepo. Kazi ianze ikiwa ndogo: mlango mmoja, kisima kimoja, kaburi moja. Na wenyeji wapewe nafasi ya kupika siku moja, ili wasiwe wapokeaji tu.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Watu wa Esnes walikuwa na haki ya kukataa kazi njema? Toeni sababu za kila upande.

2. Maneno yaliyoandikwa ukutani huko Coventry hayakutaja nani asamehewe. Yangebadilika namna gani kama yangetaja adui?

3. Katika parokia yetu, ni kitu gani cha kale kinachoharibika mbele ya macho yetu? Ni nani mwenyewe, na ni nani wa kuombwa ruhusa kwanza?

4. Kuna jirani ambaye sisi, au wazazi wetu, tuna deni naye? Tungeweza kumwomba atukubalie kazi gani ya mikono?

Tunawaomba viongozi wa vikundi wasiharakishe swali la nne. Wengine watanyamaza. Waachwe wanyamaze, na swali liulizwe tena mkutano ujao.